Damu ya dereva ipimwe mapema, na ipimwe sawasawa

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa mahakamani kutoa ushahidi kuhusu chupa moja ya damu. Dereva wa kirikuu alikuwa amemgonga mtoto wa miaka tisa saa moja jioni, mtoto akirudi kutoka dukani alikotumwa sukari. Mtoto alivunjika paja, akalazwa kwetu wiki sita mguu ukivutwa kwa uzito. Watu waliokuwapo walisema dereva alinuka pombe. Polisi walimshikilia, wakamleta hospitali apimwe. Daktari wa zamu nilikuwa mimi. (Mambo madogo nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike.)

Dereva alifika kwetu saa saba usiku, saa sita nzima baada ya ajali. Nesi alimsafisha mkono kwa pamba yenye spiriti, kama tunavyofanya kwa kila mgonjwa. Damu tukaiweka kwenye chupa ya kawaida yenye kifuniko chekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Niliandika jina na tarehe, saa sikuandika. Ilikuwa usiku wa Ijumaa, na chupa ile ilikaa juu ya meza hadi Jumatatu ndipo ikapelekwa kupimwa. Jibu likarudi: miligramu 62 za kilevi kwa kila mililita 100 za damu.

Mahakamani wakili wa dereva aliniuliza maswali manne. Damu ilitolewa saa ngapi? Mkono ulisafishwa kwa dawa gani? Chupa ilikuwa na dawa ya kuhifadhi? Na kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, nani aliishika? La kwanza nililijibu kwa kukisia, la pili lilinitia aibu, na mawili ya mwisho sikuwa na jibu. Shitaka la ulevi likaanguka. Dereva akabaki na kosa la kuendesha kwa uzembe, akalipa faini, akaenda zake.

Mama wa yule mtoto alinisubiri nje. Hakuwa mkali. Aliniuliza tu, "Daktari, sasa siku ile mlipima nini?"

Swali hilo ndilo linaloniandikisha makala hii. Nataka ujue kipimo cha ulevi kinapima nini, kinaharibika vipi, na kwa nini kikiharibika wanaoumia ni wote wawili, aliyegongwa na anayeshitakiwa. Yule dereva alisisitiza hadi mwisho kwamba alikunywa bia moja tu mchana. Inawezekana alisema kweli. Kama ni kweli, damu yake ingemtetea kuliko wakili yeyote, kwa sababu bia moja ya mchana haibaki mwilini hadi saa saba usiku. Sisi tuliiharibu damu hiyo, na hakuna atakayejua tena.

Namba 80 ina maana gani

Kiwango kilichomo kwenye Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Namba hiyo ina historia. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyekuwa polisi katika jimbo la Indiana, Marekani, alibuni kifaa cha kupima kilevi kwenye pumzi. Baadaye aliongoza utafiti katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, ambapo madereva waliopata ajali walilinganishwa na wale waliopita barabara zile zile salama. Ilionekana kwamba hatari ya kusababisha ajali hupanda kwa kasi kadiri kilevi kinavyoongezeka, na kufikia 80 imeshapanda sana. Uingereza ikaweka 80 kuwa kikomo chake mwaka 1967, na nchi nyingi zilizorithi sheria zake zikafuata.

Lakini usidhani kwamba chini ya 80 uko salama. Ukiwa na 50 tayari macho na mikono vimechelewa kuelewana, na kuangalia mambo mawili kwa wakati mmoja, kwa mfano bodaboda inayochomoka kushoto na mtoto anayevuka kulia, kunakuwa kazi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo kiwe 50 kwa madereva wote, na 20 kwa vijana na wanaoanza kuendesha. Scotland ilishuka kutoka 80 hadi 50 mwishoni mwa mwaka 2014.

Sasa tuzipeleke namba hizi mezani. Chupa moja ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa hiyo inaweza kupandisha kiwango hadi karibu 40. Kwa mwanamke wa kilo 55, chupa ile ile inaweza kumfikisha 60 au zaidi, kwa sababu mwili wa mwanamke una maji machache ya kukisambaza kilevi. Kwa hiyo dada anayekunywa chupa mbili sambamba na kaka yake anaweza kuwa amevuka kikomo wakati kaka bado yuko chini yake. Hizi ni hesabu za kukadiria. Chakula tumboni, umri, na kasi ya kunywa hubadilisha kila kitu. Usizitumie kupanga kunywa kisha kuendesha.

Kinachokitoa kilevi mwilini ni muda

Karibu kazi yote ya kuondoa kilevi hufanywa na ini, na ini halikubali kuharakishwa. Kwa watu wengi hupunguza kati ya miligramu 10 na 20 kwa saa, wastani tuseme 15. Wanywaji wa kila siku wanaweza kwenda haraka zaidi kidogo. Limau, kahawa, maziwa, supu ya moto na kuoga maji baridi havibadilishi kasi hiyo. Kahawa itakufanya mlevi aliye macho. Karafuu na bigijii vitabadilisha harufu ya mdomo, damu itabaki ile ile. Na anayezimua asubuhi kwa bia nyingine anaongeza juu ya kilichobaki.

Hapa wazazi naomba mnisikilize. Chukua dereva aliyefunga meza saa sita usiku akiwa na 180. Amelala, ameamka, ameoga, amepiga mswaki, amevaa shati safi. Saa kumi na mbili asubuhi anapowasha gari la shule, ini limempunguzia miligramu 90 tu. Bado ana 90, zaidi ya kikomo cha sheria, na nyuma yake wamekaa watoto wetu. Hanuki sana na hayumbi. Anaamini kabisa kwamba pombe ya jana imekwisha. Mzazi anayemwangalia dereva wa shule machoni asubuhi hawezi kuona hilo. Kifaa cha pumzi kinaweza.

Suala la muda ndilo linalofanya kesi nyingi kusimama au kuanguka. Tukirudi kwa dereva wangu wa 62. Kwa macho ya kawaida 62 ni chini ya 80, kwa hiyo hana kosa. Lakini damu ilitolewa saa sita baada ya ajali. Mtaalamu anaweza kuhesabu kurudi nyuma. Kwa kila saa unaongeza kati ya 10 na 20, na kwa saa sita unapata kwamba wakati wa ajali alikuwa kati ya 122 na 182. Hesabu hiyo inakubalika kitaalamu kwa masharti. Lazima saa ya ajali na saa ya kutoa damu zijulikane. Lazima pombe yote iwe imeshaingia kwenye damu kabla ya ajali, maana baada ya kunywa kiwango huendelea kupanda kwa nusu saa, saa moja, hata zaidi ukiwa umeshiba. Na lazima iwe na hakika kwamba hakunywa baada ya ajali. Nimewahi kusikia ndugu wakimnywesha mtu pombe kali "atulize mshtuko" kabla polisi hawajafika. Wanadhani wanamsaidia.

Masharti hayo hayo humtetea dereva. Mtu aliyekunywa bia yake ya mwisho dakika kumi kabla ya kukamatwa anaweza kuwa chini ya kikomo akiwa barabarani, kisha akasomeka juu yake saa moja baadaye kituoni. Wakili mzuri atauliza hilo, na ana haki ya kuuliza. Dawa ya maswali yote hayo ni moja: pima mapema, na uandike saa.

Pumzi na damu

Kifaa anachokupa trafiki upulize hakigusi damu. Kinapima kilevi kwenye hewa ya ndani ya mapafu, kisha kinakadiria kilichomo kwenye damu. Mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi huhesabiwa kuwa sawa na 80 kwenye damu. Uwiano huo ni wa wastani. Watu hutofautiana kidogo, na mara nyingi tofauti humpendelea dereva.

Makosa makubwa ya pumzi hutoka mdomoni. Ukisukutua kwa dawa ya kinywa yenye spiriti, au ukanywa funda la bia sasa hivi, au ukacheua tindikali pamoja na pombe ya tumboni, kifaa kitasoma kilevi cha mdomo, wakati kinachotakiwa ni cha mapafu. Kwa hiyo utaratibu sahihi ni kumsubirisha mtu dakika 15 bila kula, kunywa wala kuvuta sigara, kisha kupima mara mbili. Majibu mawili yakikaribiana, yana uzito. Kifaa chenyewe lazima kiwe kimekaguliwa na kurekebishwa kwa ratiba, na kumbukumbu zake ziwepo.

Wagonjwa wa kisukari huniuliza kama wanaweza kusomeka walevi bila kunywa. Sukari ikipanda sana mwili hutengeneza asetoni, na pumzi hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Vifaa vya kisasa vya polisi mara nyingi havidanganyiki na asetoni. Vile vya bei nafuu vya kununua dukani vinaweza. Damu ikipimwa vizuri maabara humaliza ubishi.

Pamba, chupa na saini

Watu wengi huamini kwamba damu haidanganyi. Inadanganya ikitunzwa vibaya.

Kwanza, pamba. Kwa kipimo hiki ngozi isafishwe kwa dawa isiyo na spiriti. Ukweli ni kwamba pamba ya spiriti mara nyingi haiongezi chochote cha maana kwenye jibu. Lakini inafungua mlango wa shaka usio na sababu ya kufunguliwa, na mahakamani shaka ni mali ya mshitakiwa.

Pili, chupa. Damu ya kipimo cha kilevi huwekwa kwenye chupa yenye sodiamu floraidi pamoja na dawa ya kuzuia kuganda, ile tunayoitambua kwa kifuniko cha kijivu. Bila dawa hiyo, na hasa kwenye joto letu, vijidudu vikiingia vinaweza kuchachusha sukari iliyomo kwenye damu na kutengeneza kilevi ambacho dereva hakukinywa. Inaweza pia kutokea kinyume, kilevi kilichokuwamo kikapungua, hasa chupa ikiwa nusu tupu au kifuniko kikiwa kimelegea. Chupa yangu nyekundu ilikaa siku mbili na zaidi juu ya meza. Ile 62 ingeweza kuwa ya dereva, ya vijidudu, au ya vyote viwili.

Tatu, kilichopimwa. Maabara nyingi za hospitali hupima majimaji ya damu baada ya kuondoa chembe. Majimaji yana kilevi zaidi ya damu nzima, kwa takriban asilimia 15. Tofauti hiyo inaweza kumfunga mtu. Jibu la 90 kwenye majimaji ni kama 78 kwenye damu nzima, na sheria inazungumzia damu. Zaidi ya hapo, mashine za kawaida za hospitali zinaweza kuchanganywa na kemikali zinazopanda kwa majeruhi mahututi. Kwa ajili ya matibabu jibu lao linatosha. Kwa ajili ya kumhukumu mtu, kinachotakiwa ni kromatografia ya gesi, njia inayotenganisha kilevi cha bia na spiriti nyingine moja moja. Ndiyo sababu sampuli za polisi hupaswa kwenda kwenye Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Nne, saini. Kila mkono unaopokea chupa unapaswa kuandika jina, tarehe na saa, na chupa iwe imefungwa kwa lakiri mbele ya dereva mwenyewe. Hii inaonekana kama karatasi tupu mpaka siku utakapoulizwa, kama nilivyoulizwa mimi, nani alikuwa na chupa Jumamosi.

Kenya waliamua vipi

Jirani zetu wamepitia mjadala huu hadharani. Kanuni zao za mwaka 2011 zilifanya kuwa kosa kuendesha ukiwa na zaidi ya miligramu 0.35 za kilevi katika lita moja ya pumzi, na mwishoni mwa 2013 vipima pumzi, ambavyo wananchi wanaviita Alcoblow, vikaonekana barabarani usiku. Mwezi Machi 2017 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba watu hawawezi kushitakiwa kwa kanuni hiyo kama ilivyokuwa. Sheria mama ya Kenya ilisema kosa ni kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kanuni ilikuwa imetengeneza kosa la namba peke yake, jambo ambalo sheria mama haikulisema. Majaji hawakukikataa kifaa. Walichokataa ni mashitaka yasiyokaa juu ya sheria.

Kwangu mimi daktari funzo lake ni hili. Namba peke yake haimalizi kazi. Daktari anayempokea dereva anapaswa kuandika pia alichokiona: anaongea vipi, macho yake yakoje, anaweza kutembea kwenye mstari ulionyooka, anakumbuka tarehe. Namba na maelezo hayo vikienda pamoja, mahakama inapata picha. Vikipingana, daktari anapaswa kujiuliza kuna nini kingine.

Si kila anayeyumba amelewa

Na mara nyingi kuna kingine. Nilishaletewa mwalimu aliyekutwa gari lake limeegemea nguzo ya umeme, jasho linamtoka, anaongea ovyo, anamsukuma askari. Karatasi ilisema "mlevi". Kipimo cha sukari kilisoma 1.9. Alikuwa mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini asubuhi, akakosa chakula cha mchana kwa sababu ya kikao. Tulimpa glukosi kwenye mshipa, na baada ya dakika chache akaniuliza yuko wapi. Angelala mahabusu usiku ule, asubuhi angeweza kukutwa amekufa.

Sukari iliyoshuka, kifafa kilichomaliza kumtikisa mtu, kiharusi, malaria kali na damu iliyovujia ndani ya fuvu, vyote huigiza ulevi. Hatari zaidi ni pale mtu anapokuwa amekunywa kweli na pia ameumia kichwa. Harufu ya pombe humfanya kila mmoja, hata sisi wauguzi na madaktari, aseme "ngoja alale, pombe itaisha". Majeruhi wa ajali anayenuka pombe ni majeruhi kwanza. Asipoamka vizuri kadiri saa zinavyopita, au akitapika mfululizo, au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, anahitaji daktari haraka, awe na kesi au asiwe nayo.

Kuna na kinyume chake. Dereva anaweza kupuliza sifuri na bado asifae kuendesha. Piritoni za mafua, dawa za usingizi, baadhi ya dawa za kifafa na za maumivu makali humpunguza mtu kasi kama bia zinavyofanya. Unapopewa dawa, muulize mfamasia swali moja: naweza kuendesha? Bodaboda nayo ni kuendesha.

Ikikukuta wewe au mtu wako

Kama wewe ndiye dereva na umesimamishwa, usikimbie kipimo. Ukikataa, mahakama itabaki na harufu na maneno ya waliokuona, na kukataa kwenyewe kunaweza kukuletea kosa jingine. Sema mapema, kwa utulivu, kama una kisukari au kifafa, kama umetoka kusukutua mdomo, na dawa unazotumia. Omba kusubiri dakika 15 kabla ya kupuliza. Angalia saa, uikariri. Damu ikitolewa, omba mkono usafishwe bila spiriti, na uone chupa ikifungwa na kuandikwa jina lako na saa. Kama hukunywa, hivi ndivyo utakavyojitetea. Kama ulikunywa, wakili wako atakueleza la kufanya. Mimi siwezi kukupa ujanja wa kulishinda ini, kwa sababu haupo.

Kama mtu wako amegongwa, matibabu kwanza. Fomu ya PF3 ni muhimu kwa polisi na kwa madai ya baadaye, lakini aliye mahututi atibiwe wakati fomu inafuatwa. Ndugu mmoja aende kituoni usiku huo huo aulize kwa heshima: dereva amepimwa? Saa ngapi? Kwa pumzi au kwa damu? Swali hilo likiulizwa saa mbili usiku lina faida. Likiulizwa kesho asubuhi, ini la dereva limeshafanya kazi yake.

Kama wewe ni mzazi wa mtoto anayepanda gari la shule, uliza kwenye kikao cha wazazi nani anampima dereva asubuhi na kwa kifaa gani. Na kama una kijana aliyeanza kuendesha, mwambie kikomo chake ni sifuri, na kwamba akikupigia simu usiku umfuate, utamfuata bila maneno. Maneno yatasubiri hadi asubuhi.

Ninachoomba

Hospitali zilizo kando ya barabara kuu zinajua Ijumaa na Jumamosi usiku zitaleta nini. Ombi langu kwa waganga wafawidhi ni kuwa na boksi moja dogo kwenye chumba cha dharura: chupa mbili za kifuniko cha kijivu, dawa ya ngozi isiyo na spiriti, lakiri, na fomu ya ukurasa mmoja yenye nafasi ya saa na saini. Gharama yake ni ndogo, na inaweza kuandaliwa wiki hii.

Nasema chupa mbili kwa makusudi. Uingereza dereva anaweza kuomba sehemu ya sampuli yake akaipime kwa mtaalamu anayemtaka. Tukifanya hivyo hapa, asiye na hatia atakuwa na pa kukimbilia, na mwenye hatia hatakuwa na cha kusingizia.

Kwa polisi, ombi ni muda. Askari akishamaliza kuokoa majeruhi, dereva apimwe pumzi pale pale, na kama inahitajika damu, aletwe ndani ya saa moja au mbili. Sisi madaktari tusimwache akikaa kwenye benchi mpaka foleni iishe. Tukimaliza kuhakikisha hana jeraha linalohatarisha maisha, tumtoe damu.

Yule mtoto wa paja ni kijana sasa. Anatembea, anachechemea kidogo akichoka. Mama yake huja kliniki kwangu kwa ajili ya presha, na hajawahi kuniuliza tena. Lakini kila ninapoandika saa kwenye chupa yenye kifuniko cha kijivu, huwa naliandika jibu lake.

Wiki ijayo tutazungumzia homa ya watoto usiku: lini usubiri, na lini uondoke nyumbani mara moja.